Sauti Haipimwi kwa Wati

Ukiomba nafasi ya kupiga gita na kuimba katika baa au hoteli ya Gitega, swali la kwanza halitakuwa unapiga nyimbo gani. Utaulizwa una sono, yaani mitambo ya sauti, ya wati ngapi. Ukijibu kwamba unacho kisanduku kimoja cha kilo saba, chenye betri yake ndani, kinachobeba gita na mikro kwa pamoja, uso wa mwenye baa utabadilika. Atakuambia kwa upole kwamba wateja wake wanataka muziki, si mchezo wa watoto. Muyinga hali ni hiyo hiyo, na pengine imezidi, kwa kuwa mji uko jirani na mpaka wa Kobero na bidhaa nyingi huingia kwa njia ya Dar es Salaam. Madukani yamepangwa mabafle marefu ya magurudumu, taa za rangi zikizunguka usoni, na ubavuni pameandikwa kwa herufi za kutisha: wati 3000.

Imani hii imewakaa watu wenye akili zao timamu: wenye kumbi, kamati za harusi, viongozi wa kwaya na, linalosikitisha zaidi, wanamuziki wenyewe. Inasema sauti nzuri ni sauti kubwa, sauti kubwa hutoka kwenye boksi kubwa, boksi kubwa linataka jenereta, na asiye na vitu hivyo bado ni mwanafunzi. Nasema kwamba kwa gita moja na mwimbaji mmoja, hasa kwa muziki wa jazz unaosimama juu ya akodi zenye noti nyingi na maneno yanayosemwa kwa utulivu, imani hiyo imepotoka. Ni kosa la hesabu kabla hata halijawa kosa la masikio.

Basi tuipige hiyo hesabu. Bafle la magurudumu la kawaida lina betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 7, ile ile inayofungwa kwenye ving'ora na taa za dharura. Zidisha 12 kwa 7, unapata wati-saa 84. Hiyo ndiyo akiba yote iliyomo. Boksi lingekuwa linatoa wati 3000 kweli, akiba hiyo ingekauka kabla ya dakika mbili kutimia. Muuzaji mjanja atasema muziki hauendi kwa nguvu zote wakati wote, na hapo ana haki. Wastani wa muziki huchukuliwa kuwa kama sehemu moja ya nane ya kilele chake. Tumpe haki yake. Moja ya nane ya 3000 ni 375, na akiba ya 84 bado haifiki dakika kumi na nne. Lakini karatasi ile ile inayotangaza wati 3000 inaahidi pia saa sita za kupiga muziki! Gawanya 84 kwa 6: wastani wa wati 14. Zidisha kwa nane: kilele cha wati 112. Mtengenezaji ameungama mwenyewe, ila ameungama kwa maandishi madogo. Na kama bado una shaka, fungua kifuniko cha nyuma utazame fyuzi. Ikiwa ni ya ampea 10, betri ya volti 12 haiwezi kupitisha hapo zaidi ya wati 120 kwa mfululizo, hata kama ubavuni wangebandika namba ya bwawa la umeme la Rusumo.

Herufi nne zinazofuata namba hizo, P.M.P.O., hazina kipimo chochote kinachokubalika. Kila kiwanda hujipimia kinavyopenda. Namba ya kusoma ni ile inayoandamana na neno RMS, yaani nguvu ya mfululizo, na mara nyingi haipo. Ikikosekana, wewe rudi kwenye betri na fyuzi. Hizo mbili hazijui kudanganya.

Sasa tuseme umekutana na boksi la kweli, la wati 300 halisi, linaloshindana na kisanduku cha wati 60 halisi. Wengi wataapa kwamba la kwanza lina sauti mara tano ya la pili. Sikio halihesabu hivyo. Nguvu ikizidishwa mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji aliyeshika chupa yake ya bia hataitambua vizuri. Ili sikio liseme "sasa imekuwa mara mbili," nguvu lazima izidishwe mara kumi. Kutoka wati 60 hadi 300 ni desibeli 7, yaani hata mara mbili haijafika. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawaligusi kabisa, nalo ni wepesi wa spika yenyewe kugeuza umeme kuwa sauti. Spika inayotoa desibeli 94 kwa wati moja ukiwa mita moja mbele yake inafanya kwa wati 50 kazi ambayo spika ya desibeli 88 itaifanya kwa wati 200. Namba hiyo ndogo katika karatasi ya maelezo ina thamani kuliko namba yoyote ya ubavuni.

Chukua hiyo spika ya desibeli 94 na uipe wati 50. Mita moja mbele yake itafikia desibeli 111. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidi mara mbili sauti hupungua desibeli 6, kwa hiyo mita 16 kutoka kwenye spika itakuwa imebaki kama 87. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili mezani ni karibu 60. Niambie basi, ni uwanja gani wa baa wa Gitega, wenye meza ishirini na jiko la mishikaki pembeni, ambao hautoshwi na sauti hiyo? Shida ya wanamuziki wetu haijawahi kuwa uchache wa nguvu. Shida ni kwamba sauti inatua mahali pasipotakiwa.

Ingia katika kumbi zetu. Kuta ni saruji, sakafu ni vigae, juu ni bati au dari ngumu, pazia hakuna. Sauti inayotoka kwenye boksi kubwa lililosukumwa pembeni mwa jukwaa humpiga mtu wa meza ya kwanza hadi akainamisha kichwa, kisha inagonga ukuta wa nyuma, inarudi, inakutana na nyingine inayokwenda. Mtu wa meza ya mwisho anasikia mvumo. Anajua kuna mtu anaimba, lakini hajui anaimba nini. Ndipo mtu wa sono anapofanya jambo baya kuliko yote: anaongeza. Mwangwi nao unaongezeka kwa kiasi kile kile, na maneno yanazama vile vile. Dawa ya mwangwi ni kuliweka boksi karibu na masikio ya watu na kupunguza. Kisanduku kidogo juu ya kiti, usawa wa kifua, kikiwatazama walioketi, kinafanya kazi hiyo. Visanduku viwili vidogo, kimoja mbele na kingine katikati ya ukumbi, huyashinda majitu mawili yaliyosimama jukwaani.

Kwa waimbaji wetu jambo hili lina uzito wa pekee. Kirundi ni lugha ya toni, na urefu wa irabu hubadili maana. Ukiuzamisha wimbo wa Kirundi katika mvumo, kinachopotea ni ujumbe wenyewe. Irabu fupi inaburutwa na mwangwi mpaka ifanane na ndefu. Kiswahili kinavumilia kidogo zaidi, lakini nacho kikipoteza s, sh na f zake, mashairi yote yanageuka kuwa mguno. Konsonanti hizo hukaa juu, zaidi ya hezi 2000, ilhali mvumo wa ukumbi unakaa chini. Ndiyo maana kuongeza besi, ambako kwetu kumekuwa kama ibada, ni njia ya haraka ya kumnyang'anya mwimbaji maneno yake.

Mikro yenyewe inasahauliwa. Watu wanatoa mamilioni ya faranga kununua mabafle kisha wanayaunganisha na mikro ya bei ya sahani moja ya kuku. Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966, bado ipo na bado inavumilia mvua, vumbi na kuangushwa. Jihadhari tu na za bandia, ambazo ni nyingi kuliko halisi. Halafu mfundishe mwimbaji kuisogelea. Kuisogeza mikro kutoka sentimita 20 hadi sentimita 5 mbele ya midomo kunaleta desibeli 12 za bure, sawa na kuzidisha nguvu ya amplifaya mara kumi na sita. Mikro ikiwa karibu, huna haja ya kuifungua sana, na ile filimbi inayotoboa masikio haiji. Mwenye gita la tumbo wazi analijua tatizo hili maradufu, kwa sababu tumbo la gita nalo ni mikro. Mbele ya bafle kubwa linaanza kunguruma kabla hujagusa uzi.

Hapa hujitokeza hoja inayodhaniwa kunyamazisha mjadala. Sisi ni watu wa ngoma, wanasema. Mrundi hawezi kukaa kimya kwa ajili ya kamuziki ka chini. Nenda Gishora, mwendo mfupi kutoka mjini Gitega, usikie ngoma za kifalme ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014, halafu uje utuambie habari ya kisanduku cha kilo saba.

Nimekwenda Gishora kama wengi, na ninachokikumbuka ni kwamba ngoma zile hazina waya hata mmoja. Ukubwa wake unatokana na idadi ya mikono, mti wenyewe na kilima kilicho wazi. Huwezi kuzichukua kama ushahidi wa kutetea bafle. Tena nchi hii hii ina inanga. Ni ubao mrefu uliochimbwa katikati, uzi mmoja umepitishwa huku na huko mpaka zikapatikana nyuzi kadhaa, na sauti yake ni ndogo kiasi kwamba mwimbaji hathubutu kuifunika. Basi anafanya nini? Ananong'ona. Hatoi sauti ya koo kabisa. Ananong'ona maneno huku vidole vikifuata kupanda na kushuka kwa toni za lugha, na sikio la msikilizaji linaunganisha viwili hivyo likaamini kwamba mnong'ono unaimba. Michel Vuylsteke alirekodi muziki huo hapa Burundi mwaka 1967, na santuri ikatolewa na lebo ya Ocora. Inanga ndiyo babu wa gita na sauti katika nchi yetu. Mtu mmoja, ala moja yenye nyuzi, na watu wanaosogea ili wasikie. Anayesema Mrundi hajui kusikiliza kitu cha chini hajaijua nchi yake.

Na neno jazz lisitupoteze. Kwa Waswahili limekaa kwenye majina ya bendi kubwa, Morogoro Jazz, Western Jazz, OK Jazz iliyozaliwa Léopoldville mwaka 1956, zenye magita matatu, tarumbeta na dramu. Hao walihitaji vyombo vikubwa na sina ugomvi nao. Lakini Charlie Christian, aliyelitoa gita nyuma na kuliweka mbele alipojiunga na Benny Goodman mwaka 1939, alipiga gita la Gibson ES-150 kupitia amplifaya ya takriban wati 15. Kumi na tano, pembeni ya tarumbeta na saksafoni! Ella Fitzgerald na Joe Pass waliporekodi Take Love Easy mwaka 1973, hapakuwa na mwanamuziki mwingine chumbani wala hapakukosekana kitu. Anayetaka mfano wa nyumbani amsikilize mwimbaji wetu Khadja Nin, ambaye hakuhitaji kupiga kelele ili Kiswahili chake kifike Ulaya.

Kuhusu jenereta sitapoteza maneno. Petroli inapokuwa kitu cha kuviziwa, anayepanga onyesho kwa kutegemea jenereta anacheza kamari, na hata ikipatikana, mngurumo wa jenereta nyuma ya ukuta ni chombo cha pili kisichoalikwa. Mitambo ya jua ya Mubuga, megawati 7.5, ipo hapo hapo mkoani Gitega tangu 2021, na megawati 80 za Rusumo tunagawana na Rwanda na Tanzania. Ni jambo jema. Lakini umeme wa bwawa na umeme wa soketi ya ukumbi saa mbili usiku ni vitu viwili, na mwimbaji aliyekatikiwa katikati ya wimbo hafarijiwi na takwimu. Betri iliyochajiwa mchana haikatiki. Tena kisanduku cha kilo saba kinapanda nyuma ya pikipiki au kwenye basi la Gitega–Karusi–Muyinga bila kulipiwa kiti. Bafle la kilo arobaini linataka gari, gari linataka mafuta, na gharama hiyo inakatwa kwenye malipo ya nani? Kamati ya harusi huwa haiikati kwenye keki.

Nikiwageukia wapiga gita wenzangu, wao wana imani yao nyingine, nayo nimeichoka vile vile. Wanasema sauti ya jazz haiji ila kwa amplifaya ya gita halisi, ikiwezekana ya valvu. Kwa gita peke yake, naam, kuna ladha pale. Lakini spika ya amplifaya ya gita huanza kuzimia kwenye hezi 5000 hivi, na twita haina. Ichomeke mikro humo, mwimbaji atasikika kama amefunikwa blanketi. Ndipo wanapolazimika kubeba vyombo viwili, na hoja ya kubebeka imekufa. Kinachohitajika ni kisanduku cha njia mbili au zaidi, kila njia na besi na trebo yake, spika ya inchi sita au nane yenye twita juu. Ung'avu ukizidi kwa gita, lipo jibu kwenye gita lenyewe: punguza kitufe cha toni. Jambo la kuangalia kwa makini ni tundu. Gita lenye sumaku au kihisio cha piezo linataka tundu lililotengenezwa kwa ajili ya ala, la ukinzani mkubwa, megaomu moja au karibu na hapo. Likichomekwa kwenye tundu la kawaida la redio au simu, la sumaku hupoteza trebo, la piezo hupoteza besi, na watu huishia kulilaumu gita.

Vipo vya kuchagua. Bose S1 Pro ina kilo kama saba na inatangazwa kufikia saa kumi na moja kwa chaji moja. Saa hizo ni za sauti ya wastani, kwa hiyo kichwani mwako andika nusu. Roland Cube Street EX ina wati 50 na inakubali betri nane za AA, zile zinazopatikana hata dukani pa sukari na sabuni. AER Compact 60 ya Ujerumani inasifiwa na wapiga jazz wengi, na sifa yake ni ya haki, lakini haina betri. Kwa Muyinga hiyo ni sababu tosha ya kuiacha. Bei za vyote vitatu zinauma. Hapo ndipo wapinzani wangu wana hoja yao ya pekee yenye nguvu, na siikwepi: betri ya lithiamu iliyofungwa ndani ya chombo cha Marekani ikifa baada ya miaka michache, nani ataipata huku? Jibu langu ni kwamba swali hilo liulizwe kabla ya kulipa. Kama betri haichomoki kwa bisibisi, au chombo hakikubali kulishwa volti 12 kutoka nje, fikiri mara mbili. Fundi mzuri wa Gitega anaweza kukutengenezea kisanduku chenye spika ya kweli, amplifaya ndogo na betri ya pikipiki, na kikazidi kwa mbali yale mabafle ya taa za rangi.

Sidai kwamba kidogo kinafaa kila mahali. Watu mia tano chini ya mahema, dramu na besi vikiwa jukwaani, kikundi cha kaswida chenye waimbaji ishirini: huko kodi vyombo vikubwa na umlipe mtu anayevijua. Kosa ni kuufanya mkusanyiko huo kuwa kipimo cha kila usiku, wakati mara nyingi wanaosikiliza ni watu arobaini waliokaa ndani ya mita kumi na tano.

Unapokwenda kununua, usikubali kujaribishiwa kwa wimbo wa simu alioutayarisha muuzaji. Wimbo huo umechaguliwa kwa ajili ya kukulaghai. Nenda na gita lako na mikro yako. Piga uzi mzito ukiwa wazi, usikilize kama unatetemesha plastiki. Mpe mwenzako mikro asome majina ya watu, yenye s na sh nyingi, nawe toka nje ya duka, uvuke barabara, umgeuzie mgongo. Ukimwelewa bila kukisia, rudi ndani. Kisha kiache kikipiga saa nzima kwa betri na ukiguse mgongo. Kikichemka au kikianza kukoroma, mshukuru muuzaji, uende zako.

Nanyi wenye kumbi wa Gitega na Muyinga, acheni kuuliza wati. Mkimwalika mpiga gita na mwimbaji, waambieni watu wangapi wataketi, wapi, na kuta za ukumbi ni za nini. Sogezeni meza karibu nao, zimeni televisheni ya mpira wakati wanapiga, na fedha ambazo mngekodia jenereta wapeni wao.